Kutoka Kikopey, Tembo Wako Wapi?

Wageni wanaoshuka Kikopey kula mbuzi choma, wakielekea Ziwa Nakuru kutazama wanyama, huniuliza jambo moja. Mbugani mle watakuta simba, nyati, twiga na vifaru weusi kwa weupe. Tembo je? Hayupo hata mmoja, na wengi hudhani wawindaji haramu ndio waliowamaliza.

Sababu yenyewe ni hesabu ya chakula. Hifadhi ya Ziwa Nakuru ina kilomita za mraba 188 hivi, sehemu yake ikiwa maji, na tangu miaka ya 1980 imezungushiwa uzio wa umeme. Uzio huo umewaokoa vifaru, kwa kuwa kifaru huridhika na eneo lake dogo akilijua vizuri. Tembo hawezi. Mkubwa wao hula karibu kilo 150 za majani, matawi na magome kwa siku, na tumbo lake halisagi hata nusu ya anachomeza. Kwa hiyo hula kutwa na sehemu kubwa ya usiku, huku akitembea. Akishabandua magome ya mgunga leo, inampasa aondoke ili mti upone. Mnyime pa kwenda, na mti huo atarudi kuumaliza.

Hayo tumeyaona kwa macho. Hifadhi ya Mwea, kule Embu, ina kilomita za mraba 42 na imezungushwa uzio. Ilikadiriwa kuwa inaweza kubeba tembo 50. Walilindwa vizuri, wakazaana, na kufikia mwaka 2024 walikuwa 156. Zidisha kwa kilo 150: ni zaidi ya tani 23 za mimea kila siku inayopambazuka. Oktoba mwaka huo Shirika la Wanyamapori, KWS, likaanza kuwapiga sindano ya usingizi kutoka kwenye helikopta, likawapakia kwenye malori, na tembo 50 wakahamishiwa Nyandarua. Waliwahamisha familia kwa familia, maana mama mkuu akiachwa nyuma, wanaobaki hawajui pa kwenda. Yeye ndiye mwenye kukumbuka maji yalikuwa wapi kiangazi cha miaka 20 iliyopita.

Nyandarua ni ile milima iliyo mashariki ya hapa, ng'ambo ya Gilgil na uwanda wa Kinangop. Huko nako kuna uzio, wa kilomita 400 hivi, uliochukua miaka 20 kujengwa hadi ukakamilika mwaka 2009. Ila ndani yake mna msitu mzima wa milima, mpana mara nyingi kuliko Mwea.

Kikopey yenyewe inalijua jambo hili la mnyama kukosa nafasi, ingawa kisa chake ni cha nyani. Zamani hapa palikuwa shamba kubwa la mifugo la familia ya Cole. Mwaka 1972 mtafiti Shirley Strum alianza kufuatilia nyani wa shamba hilo, akajifunza kwao mengi kuhusu urafiki na upatanisho ambayo wataalamu walikuwa hawajayaona. Kisha shamba likauzwa na kugawanywa, wakulima wakapanda mahindi, na nyani wakagundua kuwa hindi moja lina shibe kuliko asubuhi nzima ya kuchimbua mizizi ya nyasi. Mkulima alikuwa na haki ya kukasirika. Mwaka 1984 vikundi vitatu vikakamatwa na kupelekwa Laikipia. Wengi wa wanaokula nyama hapa hawajapata kukisikia kisa hiki, na nadhani kinastahili kibao kando ya barabara. Kama nyani, anayetosha kwenye mti mmoja, alikosa nafasi, tembo angekaa wapi katikati ya mashamba ya ekari mbili?

Kwa hiyo wageni wangu huwaambia: mkitaka tembo, nendeni kwingine, lakini mjue mnachokwenda kutazama. Kwa wengi safari ya kwanza huwa kituo cha tembo yatima cha Sheldrick, pembeni mwa Hifadhi ya Nairobi. Pale utaona ndama wakipewa chupa na kugaagaa matopeni. Inafurahisha, na nyuma yake kuna miaka mingi ya majaribio yaliyoishia mazikoni. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha ndama hadi kufa, kwa sababu mafuta yake si kama ya maziwa ya tembo. Daphne Sheldrick ndiye aliyegundua kuwa mafuta ya nazi yanakaribiana nayo. Mwaka 1974 alikuwa akimlea ndama aitwaye Aisha, akaondoka siku chache kwenda harusi ya binti yake. Aisha akakataa kula, akafa. Tangu hapo walezi hupokezana: wanalala bandani na ndama, wanawanywesha kila baada ya saa tatu usiku na mchana, ila ndama haachiwi amzoee mtu mmoja tu.

Reteti, kituo kingine cha tembo yatima katika hifadhi ya jamii ya Namunyak kule Samburu, ilifunguliwa mwaka 2016, na wenye nayo ni wafugaji wenyewe. Mimi huko ndiko ninakokupenda zaidi. Katika nchi ile kavu Wasamburu huchimba visima virefu kwenye mchanga wa mito iliyokauka. Usiku tembo huja kunywa, ndama anateleza na kutumbukia. Mchungaji akija alfajiri na ng'ombe wake humkuta humo, naye siku hizi hupiga simu. Maziwa ya mbuzi yanayonyweshwa ndama hao hununuliwa kutoka kwa kina mama wa vijiji vya karibu, hivyo tembo aliyepona ni pesa ya karo kwa mtu fulani.

Ukifika kituo chochote cha yatima, usiishie kuuliza majina ya ndama. Muulize mlezi: hawa wakikua watatokea mlango gani, na ng'ambo ya mlango kuna nini? Ndama wengi wa Nairobi hupelekwa Tsavo, na miaka baadaye wengine hurudi kuwaonyesha walezi watoto waliowazaa porini. Kisa cha yatima huwa kimekamilika hapo, wala si kwenye chupa.

Milango ya aina hiyo inaweza kujengwa. Kati ya hifadhi ya Lewa na Mlima Kenya, ushoroba wa tembo ulikuwa umekatwa na barabara kuu ya Nanyuki na Meru, basi pakajengwa njia ya kupita chini ya lami. Mwanzoni mwa 2011 dume mmoja aliyeitwa Tony akapita chini ya magari, na wengine wakafuata.

Kutoka Kikopey, ingia Gilgil, panda kwa Ol Kalou na Nyahururu hadi Laikipia. Huko, kabla hujainua darubini, tazama chini. Kinyesi cha tembo kilicho kibichi huweza kuwa na mbegu nzima za mgunga, na nyingine huweza kuchipua. Ukikiona upande huu wa barabara, vuka uangalie na ule wa pili.