Kula Udongo: Tabia Inayohitaji Uchunguzi

Katika msitu wa Ngorongoro, upande unaoelekea Karatu, yapo mapango yaliyochimbwa na tembo kwa pembe zao. Tembo na nyati huufuata udongo wa mahali hapo kwa ajili ya madini yake. Binadamu naye hula udongo. Katika masoko ya Tanzania huuzwa vipande vya udongo mkavu viitwavyo "pemba", ambavyo hununuliwa hasa na wajawazito. Wako pia vijana wa shule wanaokula udongo kwa siri.

Kula kitu kisicho chakula kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi, ikiwa si desturi ya jamii, huhesabiwa na waganga kuwa miongoni mwa maradhi ya ulaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, juu ya wanafunzi 285 wa magharibi ya Kenya, ulionyesha kwamba 73 katika kila 100 walikula udongo, kwa wastani wa gramu 28 kwa siku. Wavulana waliiacha tabia hiyo kadiri walivyokua, lakini wasichana wengi waliendelea.

Chanzo ni nini?

Walaji wa udongo mara nyingi huonekana kuwa na upungufu wa madini ya chuma mwilini. Hata hivyo, haifai kukata shauri upesi, kwani mfinyanzi wenyewe waweza kuyanasa madini ya chuma tumboni yasifyonzwe. Jambo hili laweza kufananishwa na jaribio rahisi la maabara: unga wa mfinyanzi ukitikiswa katika maji yenye methilini ya buluu, kisha ukaachwa utuame, rangi ya maji hufifia, kwa kuwa imeshikwa na chembe za udongo. Huko Lusaka, Zambia, jaribio lililochapishwa mwaka 2004 lilionyesha kwamba kuwapa wanafunzi vidonge vya chuma hakukuwafanya waache udongo. Basi huenda sababu ni nyingi: kichefuchefu, njaa, mazoea ya nyumbani, au mashaka ya moyo.

Madhara na tiba

Udongo waweza kuwa na mayai ya minyoo ya tumbo, nayo huishi ardhini kwa miaka. Safura, kwa kawaida, huingia kwa kutoboa ngozi ya miguu. Kwa hiyo kuacha udongo bila kuvaa viatu ni kinga nusu. Aidha, udongo mwingine una metali zenye sumu, kama risasi na aseniki, ambazo haziondoki kwa kuukaanga. Ulaji mwingi huleta pia kufunga choo.

Tiba huanza kwa kupima damu na choo. Mgonjwa hupewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma kwa kipimo cha mganga. Maharage, dagaa, nyama na mboga za majani huongeza chuma. Machungwa husaidia kukifyonza, ilhali chai inywewayo pamoja na chakula hukizuia. Mwenye mashaka huhitaji mtu wa kumsikiliza.

Mwanafunzi anayechekwa mbele ya wenzake haachi udongo, bali huuficha. Mwalimu anayemwita faraghani na kumpeleka zahanati humwezesha kupimwa damu mapema, kabla upungufu haujamdhoofisha mwili na masomo.