Jarida Likibadilisha Jina, Kiungo Chake Kisipotee

Mwanafunzi anayeandika kuhusu mmomonyoko wa udongo Ukambani katika miaka ya 1930 anaingia maktabani. Mkononi ana karatasi yenye kichwa cha makala aliyoyaona yakitajwa katika ripoti ya zamani, pamoja na jina la jarida: East African Agricultural Journal. Anaandika jina hilo kwenye kompyuta ya maktaba. Jibu ni kwamba jarida hilo halipo. Anaondoka akiamini maktaba haina, kumbe makala yapo na yangeweza kusomwa mtandaoni siku hiyo hiyo. Kilichompoteza ni jina.

Tatizo hili linatuhusu sote. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka maktaba, pamoja na kilimo, miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Mwananchi wa Kitui au Makueni anayetafuta maarifa ya kilimo ana haki ya kujua kwa nini wakati mwingine anaambiwa "hakuna" ilhali kipo, na nini kifanyike.

Jarida moja, majina mawili

Jarida hilo lilianza mwaka 1935, likihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwaka 1960 misitu iliingizwa katika jina, likawa East African Agricultural and Forestry Journal. Hesabu ya juzuu haikuanza upya, iliendelea kutoka pale ilipofikia. Leo linachapishwa na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo lenye vituo Kiboko, Kaunti ya Makueni, na Katumani, Kaunti ya Machakos. Hata shirika lenyewe lilibadilika: kabla ya sheria ya mwaka 2013 utafiti mwingi wa kilimo ulikuwa chini ya KARI.

Kwa watu wa Ukambani miaka ile ya kwanza ina uzito wake. Ndiyo miaka ambayo serikali ya kikoloni ililaumu mifugo kwa kuharibu udongo. Mwaka 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kupinga kupunguziwa mifugo yao kwa nguvu. Anayetaka kujua wataalamu wa wakati ule waliandika nini juu ya udongo, malisho na mazao ya nchi kavu anahitaji matoleo yenye jina la kwanza. Akitafuta kwa jina la pili pekee, katika maktaba ambayo rekodi yake inaanzia 1960, atakosa miaka 25 mizima.

Jarida hilo haliko peke yake. East African Medical Journal lilianza miaka ya 1920 likiitwa Kenya Medical Journal. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam liliwahi kuitwa Swahili, na kabla ya hapo Journal of the East African Swahili Committee.

Wakazi wa Kitui wanalielewa jambo hili bila kufundishwa. Chuo Kikuu cha SEKU kilipata hati yake mwaka 2013. Kabla ya hapo kilikuwa South Eastern University College, na kabla ya hapo palikuwa na taasisi ya kilimo ya UKAI. Mtu mwenye cheti cha jina la zamani hajapoteza masomo yake. Anachohitaji ni mahali palipoandikwa wazi kwamba jina lile na hili ni ukoo mmoja.

Kwa nini kiungo hukatika

Jarida la karatasi likibadilisha jina, matoleo ya zamani hubaki rafuni na jina lake la zamani juu ya jalada. Mtandaoni mambo ni tofauti. Mara nyingi mchapishaji hukusanya matoleo yote, ya kale na ya sasa, chini ya jina la sasa. Kisha huzipelekea maktaba orodha yenye jina moja tu. Orodha hiyo ikiingizwa katika katalogi kama ilivyo, jina la zamani hutoweka.

Sababu ya pili ni kuhama. Jarida likienda kwa mchapishaji mwingine, anwani yake ya mtandao nayo inaweza kubadilika, na kiungo cha jana kikafungua ukurasa mtupu. Sababu ya tatu hutokana na nia njema: mkutubi anafuta jina la zamani katika rekodi na kuandika jipya ili kusasisha. Hapo kila kitabu na ripoti iliyotaja jina la zamani hukosa pa kuelekea.

Msaada upo katika namba iitwayo ISSN. Ni alama 8 zinazotambulisha jarida, na mfumo wake ulianza kutumika miaka ya 1970. Jina likibadilika kwa kiasi kikubwa, jarida hupewa namba mpya. Toleo la karatasi na la mtandaoni pia huwa na namba tofauti. Uangalifu unahitajika: jarida la kilimo na misitu la karatasi ni 0012-8325, na lile la udaktari ni 0012-835X. Alama sita za mwanzo ni zilezile. Mkutubi akichanganya mbili za mwisho, anayetafuta habari za mtama atapelekwa kwa magonjwa ya binadamu.

Hatua tano kwa mkutubi

1. Amua kama badiliko ni kubwa au dogo. Kwa kawaida neno likiongezwa, likiondolewa au likibadilishwa katika maneno matano ya mwanzo, badiliko ni kubwa. Tahajia, au alama ya "&" kuwekwa mahali pa "and", ni badiliko dogo. Neno "Forestry" lilileta badiliko kubwa.

2. Badiliko likiwa kubwa, ipe kila jina rekodi yake na miaka yake: moja ya 1935 hadi 1960, nyingine ya 1960 na kuendelea. Usifute ya kwanza.

3. Unganisha rekodi hizo. Katika mfumo wa MARC, unaotumiwa na programu kama Koha, sehemu ya 780 hutaja jina lililotangulia na sehemu ya 785 hutaja jina lililofuata. Msomaji akifungua moja ataiona nyingine.

4. Weka kiungo cha mtandao, sehemu ya 856, katika rekodi zote mbili hata kama anwani ni ileile. Kando yake andika maelezo mafupi, kwa mfano: "Matoleo ya 1935 hadi 1960 yamo katika ukurasa wa jina jipya."

5. Jaribu kiungo mwenyewe kwa kufungua makala ya mwaka wa zamani, wala si ukurasa wa mbele tu. Rudia kila usajili unapofanywa upya. Maktaba nyingi nchini hujisajili kwa pamoja kupitia muungano wa KLISC ulioanzishwa mwaka 2003, na orodha ya majarida inapopokelewa ndio wakati mzuri wa kukagua.

Wewe msomaji ufanye nini

Usikubali jibu la "hakuna" mara ya kwanza. Angalia mwaka na namba ya juzuu katika karatasi yako, kisha mwulize mkutubi: jarida hili liliitwaje kabla, na linaitwaje sasa? Ukipata ukurasa wa jina la sasa, shuka hadi mwaka unaoutaka.

Ukikuta kiungo kilichokufa, usinyamaze. Mwandikie mkutubi jina la jarida, mwaka na ulichokiona kwenye skrini. Mkutubi hawezi kufungua kila kiungo kila siku, na taarifa yako itamfaa msomaji ajaye.

Nawe unapoandika ripoti au tasnifu, taja jina lililokuwa kwenye jarida mwaka ule makala yalipotoka. Usilibadilishe liwe la sasa.

Kazi yote hii haihitaji jengo jipya wala mtambo. Inahitaji rekodi mbili zinazotajana na mtu wa kuzikagua. Usajili uliolipiwa lakini haufikiwi ni fedha zilizopotea, na utafiti uliofanywa katika udongo wetu hautusaidii kama hatuwezi kuufungua. Mwanafunzi yule akirudi maktabani na kuandika jina lilelile la zamani, inatosha aone mstari mmoja chini yake: linaendelea kwa jina hili, bonyeza hapa.