Mkufunzi Naye Hajui Farasi Atakayeshinda

Kila Aprili, Grand National ya Liverpool ikikaribia, swali ni lile lile: "Mzee, wewe unafundisha farasi, nipe yule wa uhakika." Wengine hunionyesha mkeka walioununua kwa kijana anayedai ana mtu wake ndani ya banda la farasi Uingereza.

Ndani ya banda hakuna siri hiyo. Mwaka 1967 alishinda Foinavon, aliyepewa bei ya 100 kwa 1. Mkufunzi wake, John Kempton, hata uwanjani Aintree, zinakokimbiwa mbio hizo, hakuwepo. Alikuwa Worcester amempanda farasi mwingine. Huko Aintree, kwenye kiunzi cha 23, farasi asiye na mpandaji alikatiza njia, wenzake wakarundikana, na Foinavon, kwa kuwa alikuwa nyuma sana, akapata upenyo. Ikiwa aliyemfundisha hakuona sababu ya kwenda, mtu wa kijana huyo alijua nini?

Mtasema hayo ni ya kale. Haya, 2025: Willie Mullins wa Ireland alitoa farasi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mpandaji wake mkuu, Paul Townend, alikuwa juu ya I Am Maximus, bingwa wa 2024. Akashindwa na Nick Rockett, wa banda hilo hilo, bei 33 kwa 1. Wakufunzi wenyewe tunapishana na bahati, sembuse muuza mikeka!

Tena mbio hizi zimepangwa zisitabirike. Farasi bora hubebeshwa uzito mkubwa zaidi kwa makusudi, ili wanyonge wamkaribie. Kisha ongeza viunzi 30, karibu kilomita 7, na farasi 34 wanaogombea njia moja.

Mnaong'ang'ania kubeti, sikilizeni upesi. Tazama kama farasi amewahi kumaliza mbio ndefu, na kama anamudu udongo mzito mvua ikinyesha. Beti ya kushinda na nafasi hulipa hata asiposhinda, mradi amalize katika nafasi za mbele, lakini ni madau mawili. Geuza bei za farasi wote ziwe asilimia, ujumlishe: utapita 100, na hiyo ziada ni ya kampuni. Weka hela ambayo hutaililia, wala usikope. Na kama unachopenda ni farasi wenyewe, njoo uwanja wa farasi wa Ngong Jumapili ya mbio. Kutazama hakuhitaji mkeka.