Mapatano ya mawaziri yamfikie mwenye gunia

Kila mara mawaziri wa mashauri ya kigeni na wenzao wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanapokutana Arusha, aghalabu hufunga kikao kwa taarifa ndefu kuhusu udugu, ushuru na soko la pamoja. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni isimu, huisoma nikijiuliza: imeandikiwa nani?

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama katika kituo kimoja cha mpakani nyuma ya bibi mmoja mwenye magunia mawili ya maharagwe. Karani alimpa fomu ya Kiingereza. Bibi aliigeuza huku na huku, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapa wanataka nini?" Nilimweleza kwamba ile ilikuwa hati ya asili ya bidhaa, na kwamba mali ya kanda hii isiyozidi thamani ya dola 2,000 huvushwa kwa utaratibu rahisi bila ushuru wa forodha. Alicheka kwa uchungu. Miaka yote hiyo alikuwa akipita njia za panya, akiwalipa wasiostahili kulipwa.

Sidai kwamba lugha ndiyo ugonjwa wote. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa hofu ya sumukuvu, hakuna kamusi ambayo ingeyavusha malori. Ilibidi wakuu wazungumze. Walakini, hata wakuu wakipatana, watekelezaji ni karani, dereva na mchuuzi, na hao aghalabu huelewana kwa Kiswahili.

Mkataba wa Jumuiya uliotiwa sahihi Novemba 30, 1999, katika kifungu cha 137, ulikifanya Kiingereza lugha rasmi, Kiswahili kikaahidiwa kukuzwa kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wote. Ajabu ni kwamba majirani zetu wa kusini, jumuiya ya SADC, walikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka wa 2019.

Wako watakaosema Kiswahili hakina istilahi za biashara. Dai hilo ni dhaifu mno. Forodha, ushuru, shehena na bandari ni maneno tuliyoachiwa na biashara yenyewe, yakitumiwa na mabaharia na wachuuzi wa pwani zamani kabla ya wizara yoyote kuundwa.

Basi ombi langu ni dogo. Kila fomu na kila tangazo la mpakani litolewe kwa Kiswahili siku ile ile linapotolewa kwa Kiingereza, na Kamisheni ya Kiswahili iliyoko Zanzibar ipewe watu na fedha za kuifanya kazi hiyo. Makarani nao waagizwe kumsomea asiyejua kusoma.

Mawaziri watakapokutana tena, kabla ya hotuba kuanza, naomba wawekewe mezani fomu ile aliyoshika bibi yule.