MLANGO WA MWAMBA
Likizo ya matanga katika visiwa vya Pasifiki ambako Kifaransa husemwa

Kwetu mtu apatapo likizo hurudi kwao kutazama shamba na kusalimu wazee. Ulaya na Marekani kuna watu ambao huweka akiba kwa muda mrefu ili wapate kukodi chombo cha matanga kwa juma moja au mawili, wakatweka tanga kwa mikono yao na kujipikia wenyewe. Mahali wanapopapenda sana ni Raiatea, Tahaa, Huahine na Bora Bora, visiwa vilivyo kaskazini-magharibi ya Tahiti. Ni nchi iliyo chini ya Ufaransa: Kifaransa ndiyo lugha ya serikali na ya shule, ingawa nyumbani na kanisani Kitahiti kingali hai.

Visiwa hivyo asili yake ni milima ya moto iliyozimika zamani, nayo inadidimia polepole. Matumbawe yaliota kandokando yake, na kwa kadiri mlima ulivyoshuka, yenyewe yakazidi kujenga juu. Ndiyo sababu leo kila kisiwa kimezungukwa na mwamba kama boma, na kati ya boma na nchi kavu kuna maji yaliyotulia kama maji ya bakuli. Raiatea na Tahaa vimo ndani ya boma moja, hata mtu aweza kuvuka kutoka kimoja hadi kingine pasipo kuiona bahari kuu. Nje ya boma mawimbi yaliyotoka mbali sana hupasuka usiku na mchana.

Basi kazi yote ya nahodha wa likizo ni kuingia na kutoka. Boma lina milango michache, na mara nyingi mlango huelekea bonde lenye mto, kwa kuwa matumbawe hayapendi maji matamu wala tope. Bora Bora ina mlango mmoja tu wa kupita vyombo, nao uko upande wa magharibi, kinyume cha upepo. Mtu atokaye Tahaa hukiona kilele cha Otemanu, chenye mita 727, tangu asubuhi, lakini hana budi kukizunguka kisiwa kabla ya kuingia. Akikosea mlango, chombo huketi juu ya mwamba, na mawimbi hayangoji msaada.

Jambo moja litamstaajabisha msomaji wa Mombasa au Lamu. Kwetu bamvua huweza kupita mita 3. Kule maji hayapandi hata nusu mita, tena hujaa karibu na adhuhuri na usiku wa manane kila siku, kana kwamba hayaujui mwezi. Lakini asidhani ya kuwa mlangoni hakuna mkondo. Mawimbi makubwa huruka juu ya mwamba na kulijaza bakuli, na maji hayo yote hutafuta njia ya kutokea mlangoni. Siku ya mawimbi makali mkondo huo hukutana na upepo, na hapo ndipo nahodha mgeni hutokwa na jasho.

Ndani ya boma maji husomwa kwa rangi. Buluu nzito ni kina kirefu. Kijani ni mchanga ulio karibu. Rangi ya hudhurungi ni jiwe. Ni lazima jua liwe juu au mgongoni, maana likiwa usoni maji yote hung'aa sawasawa. Kwa hiyo mwenye busara hutia nanga mapema alasiri, mahali penye mchanga, asije akavunja matumbawe yaliyoota kwa miaka mingi. Bora Bora yamewekwa maboya ya kufungia vyombo kwa sababu hiyo hiyo.

Mkulima akifika Tahaa atasahau bahari. Huko hulimwa lavani, iliyoletwa Tahiti mwaka 1848. Ua lake halina mdudu wa kulichavusha, hivyo kila ua huozeshwa kwa mkono, kwa kijiti chembamba, asubuhi ile ile linapofunguka. Ufundi huo ulivumbuliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12. Baada ya hapo mkulima hungoja miezi kama tisa. Mwenye kulalamika juu ya kazi ya kahawa na afikiri!

Wenyeji wenyewe walikuwa mabaharia kabla Mzungu yeyote hajaiona bahari hiyo. Mtumbwi wao, vaa, ni ndugu ya ngalawa yetu, ila una gogo la pembeni upande mmoja tu; na wataalamu wengi husema ngalawa ilitokana na vyombo vya watu wa jamii hiyo hiyo ya lugha, waliosafiri upande wa magharibi hata Bukini. Mwaka 1769 Tupaia, kuhani wa Raiatea, alipanda merikebu ya Cook akamtajia visiwa vingi, na kule New Zealand Wamaori wakaielewa lugha yake. Alifariki Batavia mwaka 1770. Wafaransa walipovitwaa visiwa hivi mwaka 1888, Teraupoo wa Raiatea alikataa bendera yao, akapigana hata mwaka 1897, kisha akahamishiwa New Caledonia.

Kwa muda mrefu elimu ya nyota ilionekana kuwa imekufa katika visiwa hivi. Wazungu wengine wakasema mababu walifika kwa kuchukuliwa na upepo tu. Watu wa Hawaii waliunda Hokulea, chombo cha mitumbwi miwili iliyounganishwa, wakamwomba Mau Piailug wa Mikronesia awaongoze pasipo dira. Mwaka 1976 walisafiri zaidi ya mwezi mmoja. Walipoingia Papeete watu zaidi ya 17,000 walikuwa wakiwangoja pwani, na watoto wakapanda chomboni kwa wingi hata tezi ikazama majini.