Kuunda Mtandao Mdogo, Sehemu ya Tatu: Mgawaji wa Anwani na Mtunza Majina

Wasomaji wa Mkonze watakumbuka ya kuwa mwaka 2022, katika miezi iliyoitangulia Sensa ya tarehe 23 Agosti, walipita watu wa Operesheni ya Anwani za Makazi wakibandika vibao vya namba juu ya milango na kusimika nguzo zenye majina ya barabara. Ni kazi yenye manufaa makubwa; walakini mtu anayekwenda kwa shangazi yake hata leo hamtajii bodaboda namba ya nyumba, bali humwambia apite mashine ya kusaga, na akiufikia mbuyu akate kushoto. Namba imo daftarini, jina limo ulimini, na kwa kuwa vyote viwili vyahitajika, sharti pawe na mtu anayejua jina fulani ni la namba ipi.

Kompyuta nazo ziko katika hali iyo hiyo. Katika makala mbili zilizotangulia tulitandaza nyaya na kuiweka swichi mahali pasipofikiwa na vumbi la kiangazi. Sasa imebaki kuamua nani atagawa namba, kazi iitwayo DHCP, na nani atayatunza majina, kazi iitwayo DNS. Zamani, mtandao wa Wamarekani ulipokuwa bado mchanga, majina yote ya kompyuta yaliandikwa katika faili moja iliyotunzwa na taasisi ya utafiti ya Stanford huko California, na kila mwenye kompyuta aliinakili kwake. Kompyuta zilipozidi kuongezeka faili ile ikaelemewa, ndipo mwaka 1983 Paul Mockapetris alipobuni utaratibu wa kuyagawa majina kwa matawi, kila tawi na msimamizi wake. Kwa sababu hiyo anayeliuliza jina udom.ac.tz la Chuo Kikuu cha Dodoma huanzia kwenye shina la dunia nzima, akaelekezwa kwa watunzaji wa tz, kisha wa ac.tz, hata akafika kwa chuo chenyewe. DHCP ilikuja miaka kumi baadaye, mwaka 1993.

Namna DHCP inavyofanya kazi haitamshangaza aliyewahi kuripoti kwa balozi wa nyumba kumi. Kompyuta au simu inapoingia mtandaoni haina anwani, wala haijui wa kumwendea, kwa hiyo hupaza sauti kwa wote: je, yupo hapa mgawaji? Mgawaji huitikia kwa kuitajia anwani iliyo wazi. Mgeni huomba rasmi apewe hiyo. Mgawaji huithibitisha na kuiandika daftarini pamoja na muda wake, maana anwani haitolewi iwe milki, hutolewa iwe amana kwa muhula maalumu, na muhula ukifika nusu mgeni hurudi kuomba aongezewe. Ukiona kompyuta ina anwani inayoanza na 169.254, fahamu kwamba ilipaza sauti wala haikujibiwa, ikajipachika anwani yenyewe.

Kwa shule au zahanati ya ukubwa wa zile za Mkonze sioni haja ya seva kubwa. Kikompyuta cha Raspberry Pi, ambacho chakaa kiganjani na kutumia umeme mdogo hata betri ya sola yatosha kukilisha, pamoja na programu ya dnsmasq, ambayo ni kazi ya Simon Kelley wa Uingereza, kitazibeba kazi zote mbili bila kuhema. Chenyewe kipe anwani ya kudumu, mathalan 192.168.10.2, ilhali ruta ni 192.168.10.1, printa na mashine ya mhasibu zitengee anwani zilizo chini ya 100, ukizitambulisha kwa ile namba ya kiwandani yenye herufi na tarakimu 12, wageni waliobaki wape fungu lao kwa mstari mmoja tu:

dhcp-range=192.168.10.100,192.168.10.199,2h

Hizo ni anwani 100 kwa muhula wa saa mbili. Wengi huandika saa 24 bila kutafakari, na madhara yake huonekana siku ya kikao cha wazazi, simu zinapoingia asubuhi na kuondoka adhuhuri ilhali anwani zao zimefungwa hadi kesho yake, na wa alasiri wakakosa.

Upande wa majina, mwaka 2024 ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, ilitenga neno internal litumike ndani ya mitandao ya watu binafsi, basi printa na iitwe printa.shule.internal, na jina hilo liandikwe katika seva yako. Majina ya nje seva itayauliza nje na kuyahifadhi majibu kwa muda, asiulizwe mtu wa mbali jambo lililokwisha kujibiwa. Nasisitiza hapa, kwa kuwa nimeona wengi wakikosea: usizipe kompyuta anwani ya seva yako pamoja na ya seva ya nje kwa kudhani unaweka akiba. Baadhi zitamwuliza wa nje habari za printa yako, naye kwa haki atajibu kwamba haijui. Zipe seva yako peke yake. Ndipo hata laini ya intaneti ikikatika, kama ikatikavyo mara kwa mara, mwalimu ataendelea kuchapa mitihani na mhasibu kuufikia mfumo wake wa ndani.

Na mgawaji awe mmoja. Niliitwa katika shule moja ya upande wa Mkonze, nisiyoitaja, ambako nusu ya kompyuta zilikuwa hazioni printa tangu Jumatatu, na fundi alikwisha kubadilisha kebo mbili. Nilitazama anwani za mashine mbili zilizokaa meza moja: ya kwanza ilikuwa 192.168.10.114, na ya pili 192.168.0.7. Hapakuwa na haja ya kuuliza zaidi, nikaufuata waya mmoja baada ya mwingine hata nikaikuta, nyuma ya kabati la vitabu, ruta ndogo ya nyumbani ambayo mwalimu mmoja aliileta kwa nia njema ili waifai ifike chumba cha walimu, nayo ilikuwa ikiwawahi wageni na kuwapa anwani zake. Sikuiondoa. Nilizima kazi yake ya kugawa, nikaipa anwani 192.168.10.3, nikaiacha irushe waifai tu. Kompyuta zikazimwa na kuwashwa, na kabla sijakunja nyaya zangu risiti ya kwanza ilikuwa inatoka kwenye printa.

Makala ijayo itahusu kuwatenga wageni na mashine za ofisi.