Gari Linakula Petroli? Tazama Oili Kwanza

Labda unayo Noah. Labda ni yako, labda ni ya kikundi chenu. Asubuhi inapeleka watu mnadani na jioni inawarudisha. Zamani ulijaza lita 20, ukaenda na kurudi, na siku ya pili ukaenda tena. Sasa lita zile zile zinakwisha siku hiyo hiyo. Bomba la moshi limekuwa jeusi kama chini ya sufuria ya kuni. Abiria wa kiti cha nyuma wanasema harufu ya petroli inawaumiza kichwa. Mbele ya dereva taa ya njano yenye picha ya injini imewaka, nayo haizimiki.

Umekwenda kwa fundi. Fundi amesema, "Hii ni D4. Nunua nozeli nne." Umekwenda kwa fundi wa pili. Huyo amesema, "D4 haina dawa. Tuing'oe, tuweke injini ya kawaida."

Nozeli nne ni fedha nyingi. Injini nzima ni fedha nyingi zaidi. Ni ng'ombe kadhaa, au ni mavuno ya msimu mzima. Basi kabla hujatoa fedha hizo, soma habari hii. Kipo kitu kimoja unachoweza kukitazama mwenyewe, leo, bila spana na bila shilingi.

INJINI HULA NINI?

Injini hula vitu viwili: petroli na hewa. Watu wengi hufikiri petroli ndiyo nyingi. Sivyo. Kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Na hewa ni nyepesi, kwa hiyo kilo hizo hujaza mahali pakubwa. Lita 1 tu ya petroli huhitaji hewa lita 9,000 hivi. Hiyo ni hewa ya kujaza mapipa 45, yale ya lita 200.

Petroli ikizidi, hewa haitoshi. Umeona taa ya chemli ambayo utambi wake umepandishwa mno? Haitoi mwanga zaidi. Hutoa moshi, na kioo huwa cheusi. Injini iliyozidiwa petroli ni hivyo hivyo. Plagi huwa na masizi, moshi huwa mweusi, nguvu hupungua, na fedha yako hutoka kwa bomba la moshi.

D4 NI KITU GANI?

Kampuni ya Toyota ilianza kuuza injini za D4 huko Japani mwaka 1996. Mwaka huo huo kampuni ya Mitsubishi nayo ilianza kuuza za kwake, ikaziita GDI. Noah ya umbo jipya iliyotoka Japani mwaka 2001 ilikuwa na injini ya D4. Nyingi zimefika kwetu zikiwa zimekwisha kutumika. Shabaha ya waliozitengeneza ilikuwa kupunguza matumizi ya petroli, ingawa ukimwambia hivyo mwenye Noah inayotoa moshi atacheka.

Katika injini nyingine za nozeli, petroli hunyunyiziwa nje ya silinda, kwenye njia ya hewa. Katika D4 petroli hunyunyiziwa ndani ya silinda yenyewe, pale pale moto unapowaka. Humo ndani mna msukumo mkubwa. Kwa hiyo petroli nayo lazima isukumwe kwa nguvu sana.

Nguvu gani? Chukua kipimo unachokijua, kile cha upepo wa tairi. Tairi la gari dogo hujazwa 30 au 35. Injini ya kawaida ya nozeli husukuma petroli kwa 45 hivi. Katika D4 kipimo hicho hicho huweza kufika 1,700. Kazi hiyo hufanywa na pampu ya pili, ambayo imefungwa juu ya injini. Husukumwa na kemshafti, na kemshafti huoga katika oili siku zote.

Sasa fikiri. Upande mmoja wa pampu hiyo kuna petroli yenye nguvu nyingi. Upande wa pili kuna oili. Katikati kuna sili ndogo. Sili ikichakaa, petroli hupenya na kushuka kwenye oili ya injini. Ugonjwa huu unajulikana sana kwa wanaotengeneza injini hizi.

CHOMOA KIJITI CHA OILI

Simamisha gari mahali tambarare. Zima injini, ungoje dakika 10 ili oili ishuke. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Kifute kwa kitambaa, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Tazama alama mbili, ya chini na ya juu. Oili imefika wapi?

Oili ya injini nzima hubaki pale pale, au hupungua kidogo kidogo. Haiongezeki. Ikiwa imepita alama ya juu, na wewe hukuongeza, basi kuna kitu kingine kimeingia. Ikiwa rangi yake imekuwa kama chai ya maziwa, hayo ni maji, na hiyo ni habari nyingine. Ikiwa ni nyepesi, inadondoka haraka kutoka kwenye kijiti, na inanuka petroli, umekwisha kumpata mwizi wako.

Wako watu wanaojaribu oili kwa kiberiti. Usifanye hivyo. Pua yako inatosha.

Huenda ukauliza, petroli iliyo chini kwenye oili inaongezaje petroli kule juu? Injini ikipata moto, petroli iliyo ndani ya oili hugeuka kuwa mvuke. Mvuke huo hauendi nje. Kuna mpira unaourudisha kwenye njia ya hewa, nao huvutwa ndani ya silinda na kuungua pamoja na petroli ya nozeli. Kompyuta ya gari, ile ambayo mafundi huiita kontroli boksi, haikuipima petroli hiyo. Ni kama mpishi anayepima chumvi vizuri, huku mtoto nyuma yake anaongeza nyingine. Hapo nozeli hazina kosa. Hata ukinunua nne mpya, moshi utabaki.

Tena hasara ya petroli ni ndogo kuliko hasara nyingine. Oili iliyochanganyika na petroli haitelezi vizuri. Beringi za krankishafti husagika, na injini huanza kugonga. Ikigonga, yule fundi wa pili atakuwa amesema kweli. Kwa hiyo ukikuta oili imepanda na inanuka, usiondoke na abiria kesho kwa kusema utaitazama baada ya mnada. Iache gari mpaka oili imwagwe.

Neno moja la tahadhari. Gari linalokwenda safari fupi fupi, injini ikizimwa kabla ya kupata moto, huweza kuwa na petroli kidogo kwenye oili hata kama pampu ni nzima. Kwa hiyo hakikisha. Mwaga oili, weka mpya pamoja na filta mpya, mpaka alama ya juu, usipitishe. Endesha kilomita 100. Pima. Andika katika daftari. Endesha kilomita 100 nyingine, pima tena. Ikipanda tena, pampu inavuja.

Fundi mwenye mashine ya kupimia gari anaweza kuona zaidi. Katika magari mengi, mashine itatoa namba P0172. Maana yake ni kwamba petroli imezidi. Isome mwenyewe hadi tarakimu ya mwisho, kwa sababu P0171 maana yake ni kinyume, kwamba petroli imepungua. Pia mwombe fundi akuonyeshe kompyuta inaongeza au inapunguza petroli kwa asilimia ngapi. Kati ya kupunguza 10 na kuongeza 10, si vibaya. Ikiwa inapunguza 20 au 25, inahangaika. Hapo fundi autoe mpira ule wa mvuke, azibe tundu la upande wa njia ya hewa, halafu atazame tena. Namba ikirudi karibu na sifuri, mvuke wa oili ndio wenye kosa.

IKIWA OILI NI NZIMA

Basi tafuta kwingine. Uliza kwanza swali hili: themostati ipo? Mafundi wengi kwetu huitoa themostati gari linapochemsha, na gari huacha kuchemsha, na mwenye gari hufurahi. Lakini injini isiyo na themostati haifiki kwenye joto lake, nyuzi 80 au 90. Kompyuta huona injini bado ni ya baridi. Injini ya baridi huongezewa petroli, kama ilivyokuwa choki ya kabureta zamani. Kwa hiyo kutwa nzima, jua kali, gari linaendeshwa kana kwamba ni alfajiri Njombe. Irudishe. Kama gari lilikuwa linachemsha, tengeneza kilicholichemsha. Sensa ya joto la maji ikiharibika, nayo huweza kuidanganya kompyuta hivyo hivyo.

Tazama filta ya hewa. Barabara zetu zina vumbi, na filta iliyojaa vumbi huinyima injini pumzi. Tazama pia kama bomba la moshi lina tundu karibu na injini. Mbele kidogo ipo sensa inayonusa moshi. Hewa ya nje ikiingia kwa tundu hilo, sensa hudhani petroli imepungua, na kompyuta huongeza.

Nozeli ziwe za mwisho. Toa plagi zote nne, zipange chini kwa utaratibu wa silinda zake. Zote zikiwa nyeusi sawasawa, kosa ni la injini nzima, kama pampu au themostati. Moja ikiwa nyeusi na imelowa, nyingine zina rangi ya udongo, huenda nozeli ya silinda hiyo inavuja. Basi ni nozeli moja ya kushughulikia. Si nne.

KUTENGENEZA

Sisi hatusemi D4 ni rahisi. Kazi ya pampu na nozeli mwachie fundi anayezijua. Lakini simama karibu, uangalie mambo haya. Asifungue bomba la petroli injini ikiwa imetoka kuzimwa. Petroli ya nguvu ile huweza kutoboa ngozi, na ikirukia injini ya moto huwaka. Kwanza aondoe fyuzi ya pampu ya tangi, injini iungurume mpaka ijizime yenyewe, kisha ipoe. Asiwepo mvuta sigara wala jiko karibu. Akitoa nozeli, sili zake za zamani asizirudishe. Na ukinunua pampu iliyotumika, ujue kwamba huenda imetolewa kwenye gari lenye ugonjwa huo huo. Ichunguzwe kabla ya kufungwa.

Oili iliyomwagwa ina petroli. Watu hupaka oili chafu kwenye nguzo kuzuia mchwa. Hii usiipake nguzo za jikoni, wala usiitie katika taa. Iweke ndani ya dumu lenye kifuniko, mbali na kisima na mbali na moto.

Pampu ikiisha kufungwa, oili na filta viwe vipya. Fundi aifute kumbukumbu ya zamani katika kompyuta, ili ianze kupima upya. Kisha urudi kwenye daftari lako: kilomita 100, kilomita 200, kilomita 500. Kila mara andika oili imefika wapi na umejaza lita ngapi. Katika kilomita 500 toa plagi moja uitazame. Ikiwa kavu, na imegeuka kuwa ya rangi ya udongo, wapigie abiria wako wa mnada.